Sanduku la zamani la imeli linafungwa: biro za Bunia zijitayarishe namna gani?

BUNIA. – Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa sekretaria juma tatu asubuhi, na kufikia saa sita ya mchana hakuna mtu ndani ya biro ambaye hakuwa ameisoma. Ilikuwa mistari mine tu. Tarehe 31 ya mwezi wa kumi na mbili, serveri ya zamani ya imeli itazimwa. Kila mfanyakazi aokoe barua zake mbele ya siku ile. Adresi mpya zitatolewa. Kwa maulizo, muone mtu wa informatiki.

Mtu wa informatiki, kijana wa miaka karibu 30, alikuwa ameketi nyuma ya mlango ule ule, na mstari wa watu ulikuwa umefika kwenye varanda.

«Bote bananiuliza kitu moja,» anasema. «Barua zangu zitaenda wapi? Nami ninawajibu: kama haubebe, hazitaenda fasi yoyote. Zitakufia hapa.»

Mama sekreteri, ambaye ametumika hapa kwa miaka 12, anacheka huku akishika kichwa. «Mimi sikukuwa najua kama barua zinakaa mu ile kisanduku ya chini ya meza. Nilizania ziko mu simu yangu.»

Kisanduku anachokisema ndicho serveri: mashini nyeusi, kubwa kidogo kuliko ordinateri ya kawaida, yenye vumbi mgongoni na taa ndogo ya kijani ambayo haijazimika, isipokuwa umeme ukikosa, tangu mwaka 2013. Shirika hili la hapa mjini, ambalo wakubwa wake wameomba tusilitaje kwa jina, lina wafanyakazi zaidi ya 30. Kila barua waliyoandika au kupokea kwa miaka 12 imepita ndani ya kisanduku hicho. Sasa kinaenda kupumzika, na barua zitahamia kwa kampuni ya ng’ambo ambayo itazitunza kwenye mashini zake kwa kulipwa kila mwezi.

Jambo hili si la biro moja tu. Hospitali, masomo, paroasi, mashirika na maduka makubwa ya Bunia, wengi wako na sanduku la zamani la namna hii, au watakuwa na siku ya kulifunga. Tumefuata kazi ya biro hii kwa majuma kadhaa kusudi msomaji aone ni nini kinapotea, ni nini kinaokolewa, na kwa njia gani.

Kwa nini kufunga?

Sababu ya kwanza inatoka mbali. Tarehe 14 ya mwezi wa kumi 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutunza programu zake mbili za serveri ya imeli, Exchange Server 2016 na Exchange Server 2019. Siku ile ile iliacha pia Windows 10, ambayo bado inaendesha ordinateri nyingi za mji huu. Mashini haikufa siku ile. Asubuhi yake watu walifungua, wakasoma barua, wakafikiri hakuna kilichobadilika. Lakini tangu siku hiyo, isipokuwa kwa wale waliolipia muda wa nyongeza, tundu jipya likipatikana kwenye programu, hakuna fundi wa kampuni atakayeliziba. Na serveri ya imeli ni kama nyumba ambayo mlango wake unatazama barabara kubwa: kila mpita njia wa dunia nzima anaweza kujaribu kufuli.

Sababu ya pili ni ya hapa kwetu, na kila mtu anaijua: umeme. Serveri ya imeli inataka kura­ni usiku na mchana. Ikikosa, ni gurupe. Gurupe ikikosa mazuti, ni betri. Betri ikichoka, barua hazina pa kuingilia. Kwa bahati nzuri mtandao una uvumilivu. Barua ikikuta mlango umefungwa, serveri ya mtumaji inarudia kubisha, kwa kawaida siku nne au tano, kisha inaacha na kumwambia mtumaji kwamba barua haikufika. Kukatika kwa masaa machache hakupotezi kitu. Lakini juma nzima bila umeme, barua zinaanza kurudi, na mfadhili wa Kinshasa au wa Geneva anazania biro imekufa.

«Tulipiga hesabu,» anasema msimamizi wa shirika, papa mwenye maneno machache. «Mazuti ya kulinda ile mashini usiku ilikuwa inapita bei ya kulipa kampuni kwa mwezi. Tukasema: basi.»

Adresi nazo zinakufa

Kuna watu wanaofikiri adresi ya imeli ni kitu cha milele. Historia ya inchi yetu inaonyesha sivyo. Wakati wa Zaïre, adresi za inchi yetu kwenye intaneti zilimalizikia na .zr. Mwaka 1997 inchi ikarudilia jina la Kongo, ikapewa .cd, na mwaka 2001 ile .zr ikafutwa kabisa. Yeyote aliyekuwa amechapisha .zr kwenye karatasi zake za barua alibaki na karatasi, si adresi.

Makundi ya Yahoo nayo, ambamo wanafunzi wa zamani na wakristo wa diaspora walikuwa wakiandikiana, yalifungwa tarehe 15 ya mwezi wa kumi na mbili 2020, na barua zao za zamani zilikuwa zimekwisha ondolewa mbele ya hapo. Wale ambao hawakuchukua kopi kwa wakati, hawana tena.

Masanduku ya bure yana sheria zao pia. Yahoo inaweza kulimwaga sanduku ambalo halijafunguliwa kwa miezi 12. Google ilianza mwezi wa kumi na mbili 2023 kufuta akonti za watu binafsi ambazo hazijatumiwa kwa miaka miwili. Pita barabarani hapa mjini, usome vibao vya maduka na vya mashirika: yahoo.fr hapa, yahoo.fr kule. Ngapi kati yake zinafunguliwa bado? Na ngapi ziko chini ya mtu mmoja aliyeenda Kampala na neno la siri ndani ya kichwa chake?

Mjane na barua za mumewe

Siku ya tatu nyuma ya tangazo, mama mmoja mjane alifika kwenye biro. Hakuwa amesikia habari ya serveri. Alikuja kwa jambo lingine: mume wake, aliyekuwa dereva wa shirika, alikufa, na mama alitaka karatasi za kuonyesha miaka aliyotumika, ili apeleke dosie kwenye CNSS, ile iliyokuwa ikiitwa zamani INSS. Mumewe alitumika kwa mikataba mine, moja nyuma ya nyingine.

Walitafuta kwenye kabati. Dosie ya karatasi ilikuwa na mkataba wa mwisho peke yake. Shirika lilihama nyumba mara mbili tangu 2013, na katika kuhama, karatasi zina desturi ya kubaki nyuma.

«Mama sekreteri aliniambia: Mama, rudi juma ijayo, tutaangalia,» mjane anasimulia. «Nikamwambia: mwanangu, kwa juma ijayo nitapata wapi transport ya kurudilia? Mimi natoka mbali.»

Hapo ndipo kijana wa informatiki aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiri: nani alikuwa akiandika mikataba wakati ule? Jibu: mkubwa wa wafanyakazi, papa mmoja aliyeacha kazi zamani na kwenda Kinshasa. Sanduku lake la imeli lilikuwa bado ndani ya serveri, limefungwa, hakuna aliyeligusa. Nalo lilikuwa la kwanza kabisa kwenye orodha ya masanduku ya kutupwa.

«Nilikuwa nimekwisha andika: watu waliokwenda, kufuta yote,» anakubali kijana. «Ilikuwa masanduku 19. Nilizania ni uchafu tu.»

Hii ndiyo hatari kubwa ya kazi hii, na inafanana kila mahali. Wafanyakazi walioko wanaweza kulia, kuuliza, kuokoa vitu vyao. Wale waliokwenda, na wale waliokufa, hawana mtu wa kusimama kwenye mstari. Na mara nyingi ni wao waliobeba kumbukumbu ya shirika: mikataba, barua za chifu juu ya kiwanja, mapatano na wafadhili, majina ya waliojenga.

Hatua ya kwanza: kuhesabu

Biro ikaacha haraka. Kwa siku tano hakuna kilichohamishwa, walihesabu tu. Orodha ilikuwa na safu tano: jina la sanduku, mwenyewe ni nani, yuko wapi leo, sanduku lina uzito gani, na ni nani anastahili kuamua juu yake.

Kuhesabu kulileta mambo ambayo hayakutazamiwa. Kwanza, kulikuwa na adresi za wote, kama ile ya kupokea barua za jumla na ile ya maombi ya kazi. Hazikuwa na mwenyewe. Kila mtu alifikiri mwingine anazisoma.

Pili, mashini zenyewe zinaandika barua. Mashini kubwa ya kupiga kopi ilikuwa ikituma karatasi zilizopigwa picha kwa njia ya serveri ya zamani. Programu ya uhasibu nayo ilikuwa ikituma taarifa kila mwisho wa mwezi. Siku serveri ingezimwa, vyote viwili vingenyamaza bila kumwambia mtu.

Tatu, na hili ni kwa kila msomaji: adresi ya kazi ilikuwa imetumiwa kufungulia milango mingine. Banki, akonti ya kulipia intaneti, tovuti ya mfadhili ambako ripoti zinapelekwa, hata Facebook ya shirika. Ukisahau neno la siri la banki, banki inatuma njia ya kulirudisha kwenye adresi gani? Ile ya zamani. Ikifungwa mbele hujabadilisha, ufunguo umetupwa mtoni.

Mama sekreteri alipata 11 za namna hiyo kwenye sanduku lake peke yake. Alitumia njia rahisi: akatafuta ndani ya barua zake maneno «mot de passe», «bienvenue» na «confirmation». Kila tovuti iliyowahi kumwandikia hivyo, akaiandika kwenye daftari, akaenda kuibadilisha moja moja. Ilimchukua siku mbili, na mega za kutosha.

«Mbele niliona ni kazi ya bure,» anasema. «Lakini nikafika kwa ile ya mfadhili, nikasikia joto. Ripoti inapaswa kwenda mwezi wa kwanza!»

Hatua ya pili: kubeba, na kubeba mara mbili

Hapa kuna kosa ambalo linawapata wengi. Mtu anaona barua zake zote kwenye simu, anasema: mimi niko nazo. Inategemea. Kuna namna mbili za kusoma imeli. Kwa namna moja, inayoitwa POP, mashini yako inashusha barua na kuzitunza kwake. Kwa namna ya pili, inayoitwa IMAP, ambayo ndiyo simu nyingi zinatumia, barua zinabaki kwenye serveri, na simu inaonyesha kopi tu. Serveri ikimwagwa, simu nayo inaweza kujisafisha. Ni kama kutazama nyumba yako ndani ya kioo: ukiondoa nyumba, kioo hakitakubakizia kitu.

Kwa hiyo kila sanduku lilishushwa lote, likawekwa ndani ya faili. Kwa wanaotumia Outlook, faili hiyo inaitwa PST. Programu nyingine nyingi zinatumia mbox. Barua za maana sana, kama mikataba na mapatano, ziligeuzwa pia kuwa PDF, kwa sababu PDF itafunguka bado hata kama programu ya imeli imebadilika mara tatu.

Kupeleka barua zote hizo kwa kampuni mpya kwa njia ya intaneti, hapo hesabu ya Bunia inaingia. Masanduku yote yalikuwa na uzito wa giga 40. Kwa mwendo wa megabiti 4 kwa sekunde, ambao siku nyingi ni bahati, giga 40 zinataka masaa 22 na zaidi, bila kukatika hata mara moja. Hapa kwetu, masaa 22 bila kukatika ni ndoto. Kijana akagawa kazi: sanduku moja moja, usiku, watu wakiwa wamelala na njia ikiwa nyepesi, asubuhi anaandika kwenye daftari lipi limemalizika na lipi limekwama. Barua za miaka mitatu ya mwisho zilikwenda kwanza. Za zamani zilibaki kwenye diski, zipelekwe polepole au zisipelekwe kabisa.

Diski zilikuwa mbili, si moja. Wakaaji wa Bunia hawahitaji mtu wa kuwafundisha sababu. Wale waliokuwa hapa mwezi wa tano 2003 wanakumbuka biro zilizoporwa na karatasi zilizotapakaa barabarani. Wanaokimbia leo kutoka vijiji vya Djugu na Irumu wanajua kwamba mtu anakimbia na mtoto na sufuria, si na kabati. Diski moja ilibaki ndani ya biro, kwenye sanduku la chuma. Ya pili ilipelekwa kuwekwa katika nyumba nyingine, upande mwingine wa mji. Na mbele ya kuamini diski, ilichomekwa kwenye ordinateri nyingine, faili tatu zikafunguliwa kwa bahati nasibu, na barua ikasomwa mpaka mwisho. Kopi ambayo haijafunguliwa bado si kopi, ni matumaini.

Si kila kitu cha kuhifadhi

Mhasibu wa shirika alitaka kubeba vyote. Ana sababu. Tangu tarehe 12 ya mwezi wa tisa 2012 inchi yetu iko ndani ya OHADA, na sheria yake ya uhasibu inadai vitabu vya hesabu na karatasi za kuthibitisha zitunzwe miaka kumi. Siku hizi fakture na profoma nyingi zinakuja kwa imeli, hazichapishwi. «Kontrole akikuja na kuuliza fakture ya 2018, siwezi mwambia ilikuwa mu serveri,» anasema. «Atanijibu: serveri ni shida yako, papa.»

Tena, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 ya mwezi wa tatu 2023, inayoitwa Code du numérique, imeweka kanuni juu ya maandishi ya elektroniki. Barua ya imeli si maneno ya hewani. Inaweza kuwa na uzito katika mabishano ya kazi, ya kiwanja au ya deni.

Lakini sheria hiyo hiyo inazungumza pia juu ya kulinda habari za watu, na hapo ndipo kubeba vyote kunageuka kuwa hatari. Ndani ya serveri kulikuwa orodha za familia zilizohama, pamoja na majina, namba za simu na mahali wanapolala. Kulikuwa habari za wagonjwa, na masimulizi ya wanawake waliotendewa mabaya. Kwa Ituri, ambako hali ya dharura inaendelea tangu tarehe 6 ya mwezi wa tano 2021, diski ya namna hiyo ikianguka kwenye mikono isiyofaa inaweza kumletea mtu kifo.

Mkutano juu ya jambo hili ulichukua nusu siku, na haukuwa mtamu. Wengine walisema: ni ushahidi, siku moja haki itatafuta. Wengine wakasema: walituamini na majina yao kwa kazi moja tu, na kazi hiyo imekwisha. Mwishoni walipatana hivi: dosie ambazo bado zina kazi, au ambazo wenyewe walikubali zitunzwe, zitabaki, kwenye diski iliyofungwa kwa neno la siri ambalo watu wawili wanalijua. Orodha za ugawaji wa chakula na mablanketi za miaka iliyopita zitafutwa, na jumla ya namba zitabaki bila majina. Sanduku la mtu aliyekwenda litafunguliwa na watu wawili pamoja, si mmoja, na barua zake za nyumbani hazitasomwa. Kila aliyekwenda ambaye simu yake inapatikana atapigiwa kwanza.

Papa aliyeko Kinshasa alipigiwa. Alicheka. «Bado ile mashini inaishi?» aliuliza. Akakubali, akawaambia hata mwezi ambao wangetafutia.

Hatua ya tatu: kuwaambia watu

Adresi mpya bila kutangazwa ni kama kuhama nyumba usiku. Juma sita mbele ya kufunga, kila barua inayotoka ilianza kubeba mstari mmoja chini: adresi yetu inabadilika, hii ndiyo mpya. Barua maalum zilikwenda kwa wafadhili, banki, huduma za serikali ya jimbo, na kwa viongozi wa vijiji ambao wana simu ya kusomea imeli. Wale ambao hawana, walipewa habari kwa mdomo na kwa karatasi.

Hapo hapo wezi nao wanaamka. Wakati wa kuhama ndio wakati mzuri wa kumdanganya mfanyakazi. Barua mbili zilifika ndani ya biro kwa Kifaransa kizuri: «Sanduku lako linafungwa leo, bonyeza hapa, andika neno lako la siri kusudi barua zako zisipotee.» Mfanyakazi mmoja alibonyeza. Kwa bahati umeme ulikatika mbele hajamaliza kuandika.

«Ni mara moja tu katika maisha yangu nilishukuru kukosa moto,» anasema kijana.

Tangu siku ile kanuni ikawa moja, ikabandikwa ukutani: hakuna mtu wa informatiki atakayekuomba neno la siri kwa imeli, kwa simu, wala kwa WhatsApp. Ukipokea barua ya kukuharakisha, inuka kwenye kiti, uende umuulize uso kwa uso.

Jambo la mwisho katika hatua hii watu wengi wanalisahau, nalo ni jina la zamani lenyewe. Sehemu ya adresi inayokuja nyuma ya alama ya @, ile ambayo shirika linalipia kila mwaka, isiachwe siku serveri inapozimwa. Ukiacha kuilipa, mtu mwingine anaweza kuinunua, na tangu hapo barua zote zinazotumwa kwako kwa makosa zinaingia kwake, pamoja na zile za kurudisha neno la siri. Biro hii imeamua kuendelea kulipia jina la zamani miaka miwili, na barua zinazofika huko zisukumwe kwenye adresi mpya. Ni pesa kidogo kuliko gharama ya aibu.

Siku yenyewe

Hawakungoja tarehe 31. Walichagua juma mosi, majuma mawili mbele, wakati biro ni tupu, ili wawe na siku za kurekebisha makosa. Mlango wa barua uligeuzwa kuelekea kampuni mpya. Habari ya kugeuka haienei duniani kwa dakika moja. Kwa masaa kadhaa, mara nyingine siku mbili, barua nyingine zinaenda upande wa zamani na nyingine upande mpya. Kwa hiyo serveri ya zamani iliachwa ikiwaka ili ipokee zile za nyuma, na gurupe lilikuwa limejazwa mazuti tangu asubuhi.

Saa tisa walituma barua ya kwanza kutoka adresi mpya kwenda kwa Mama sekreteri, aliyekuwa nyumbani. Alijibu nyuma ya dakika nne: «Imefika. Ninapika, msinisumbue.»

Mashini ya kopi ilikataa kutuma mpaka juma tatu. Adresi moja ya wote ilisahauliwa, ikakumbukwa siku ya pili mtu alipolalamika kwa simu. Sanduku la mlinzi mmoja halikuhama kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa kwa namna mbili. Makosa matatu, yote yalirekebishwa, kwa sababu serveri ya zamani ilikuwa bado hai.

Itazimwa tarehe 31 kama karatasi ya mlangoni ilivyosema, lakini haitafutwa. Itakaa pembeni, bila umeme, miezi sita. Nyuma ya hapo diski zake zitatolewa na kuvunjwa kwa nyundo, maana mashini ya ofisi ikiuzwa sokoni na diski ndani, majina yote yanauzwa pamoja nayo.

Mikataba mitatu

Na mjane? Walimpigia simu asubugi ya siku ya kumi. Katika sanduku la yule papa wa Kinshasa, mwezi ule ule aliowaambia, kulikuwa barua yenye kichwa «Contrats chauffeurs». Ndani yake, mikataba miwili ya mumewe imepigwa picha, sahihi na muhuri vikionekana wazi. Pamoja na ule wa kabatini, ikawa mitatu. Wa nne, ule wa kwanza kabisa, haukupatikana. Ulikuwa wa mwaka 2012, mbele ya serveri kununuliwa, na wakati ule biro ilikuwa ikitumia sanduku la bure ambalo hakuna anayekumbuka tena neno lake la siri.

Shirika limemwandikia hati ya kazi kwa miaka inayothibitishwa, na limeongeza barua ya shahidi wawili kwa mwaka unaokosekana. Kama barua hiyo itakubaliwa, mama atajua kwenye gishe.

Aliondoka na bahasha yake ndani ya kitambaa, akaifunga mara mbili. Mlangoni alisimama mbele ya karatasi ya tangazo, ambayo ilikuwa bado imebandikwa, akamuuliza Mama sekreteri imeandikwa nini. Akaelezwa. Akafikiri kidogo.

«Kumbe kama mume wangu angekufa mwaka ujao,» akasema, «mungenijibu hakuna kitu.»

Mama sekreteri hakuwa na jibu. Alimsindikiza mpaka barabarani, akamtafutia motari, kisha akarudi ndani na kufungua daftari lake. Masanduku ya waliokwenda yalikuwa 19. Walikuwa wamefungua saba.